Shajara ya mradi: ramani ya tatizo inayochorwa na watu wawili

5 Februari 2024: Tunachotengeneza, na vifaa

Kile ambacho vitabu vya saikolojia tiba hukiita fomulesheni, humu tunakiita ramani ya tatizo: tatizo ni lipi, lilianzaje, kwa nini haliondoki, na mtu ana nini cha kumshikilia. Kwa mazoea mtaalamu huiandika peke yake mteja akishaondoka, kisha inalala kwenye faili. Mradi huu unaitoa kwenye faili na kuiweka mezani, ichorwe na mteja na mshauri pamoja, kwa Kiswahili, ndani ya vikao vya kawaida vya dakika 50.

Mahali ni chumba kimoja cha ushauri nasaha Dar es Salaam, washauri watatu. Wateja, karibu wote watu wazima, wana sonona au wasiwasi. Anayejibu chochote zaidi ya "hapana kabisa" kwenye swali la 9 la PHQ-9 (dodoso la maswali tisa la kupima sonona), lile la kuona heri kufa au kutaka kujiumiza, haanzi na ramani. Anaanza na tathmini ya hatari na mpango wa usalama, kwenye karatasi tofauti. Mshauri anayechora mishale wakati mtu ana vidonge mkobani anakosea kazi.

Msingi tuliouchukua ni sehemu tano za Padesky na Mooney (1990): mazingira, mawazo, hisia, mwili, tabia. Mpangilio wa hatua ni wa Kuyken, Padesky na Dudley (2009): kwanza kueleza tatizo lilivyo, pili kinachoanzisha na kinacholiendeleza, tatu historia, na nguvu za mtu zikitafutwa tangu mwanzo.

Vifaa: karatasi za manila 40 kwa Sh 700 (28,000), penseli dazani mbili (6,000), vifutio 12 (3,600). Fomu ya toleo la 1, nakala 60 za A3 kwa Sh 500: 30,000.

Mifano yote ya wateja humu imechanganywa na kubadilishwa. Hakuna mtu mmoja wa kumtafuta.

19 Februari 2024: Toleo la 1 limeangushwa na maneno matatu

Visanduku vitano, mishale kila upande, vichwa kwa herufi kubwa. Kwenye mafunzo fomu ilipendeza. Mezani ilianguka wiki ya kwanza.

MAWAZO. Tulitarajia sentensi iliyopita kichwani wakati ule, mfano "wataniona mjinga". Tukaandikiwa "ninayo mengi", "ya ada", "ya mume". Kosa ni letu. Kwa Mswahili "nina mawazo" ndilo jina la ugonjwa mzima, si sehemu yake moja. Umemuuliza mtu ugonjwa wako una ugonjwa gani.

HISIA. Vijana walicheka, kwa sababu "nina hisia naye" ni habari ya mapenzi. Wakubwa hawakucheka, ila walikwama kati ya kisanduku hiki na cha MWILI. Roho inayouma, moyo mzito, kichwa kinachowaka moto, mwili ulioishiwa nguvu: ni hisia au ni mwili? Mtu aliyekuja amechoka tulimpa kazi ya kupanga maneno kwenye makabati.

TABIA. Hili ndilo lililoharibu zaidi. Tabia ni mwenendo na malezi. Mtoto "ana tabia" au "hana tabia". Kuulizwa tabia yako na mtu uliyemjua kwa nusu saa ni kama kuitwa kwa mwalimu wa nidhamu. Wateja waliandika sifa zao nzuri, au wakanyamaza.

Upande wa pili wa fomu tulikuwa tumetafsiri vile vipengele vitano vinavyofundishwa vyuoni (tatizo lenyewe, yaliyomweka mtu tayari kuugua, kilicholiwasha, kinacholiendeleza, na kinachomlinda), na kimojawapo tukakiita "vichochezi". Uchochezi kwa Kitanzania ni kesi ya jinai. Tuliufuta siku hiyohiyo.

Marekebisho: vichwa vyote vimeondolewa, yamebaki maswali matano ambayo mshauri anayasema kwa mdomo, na jibu linaandikwa popote kwenye karatasi.

1. Ilikuwa wapi, na nani alikuwepo?
2. Kimoyomoyo ulijiambia nini?
3. Moyoni na mwilini ulisikiaje?
4. Ukafanya nini?
5. Halafu ikawaje?

Hisia na mwili vimeungana. Aliyesoma modeli hii chuoni atalalamika, na ana haki, lakini vinaweza kutenganishwa baadaye kwa yule anayehitaji, kama mwenye hofu za ghafla anayedhani mapigo ya moyo ni ugonjwa wa moyo. Swali la 5 halikuwemo kwenye fomu. Tumeliongeza kwa sababu ndilo linalofunga duara: bila "halafu", mteja anatoa tukio, hatoi mzunguko. Uliza "halafu" mara tatu mfululizo kabla ya kuchora mshale wowote.

Tukio liwe moja, la wiki hii, lenye saa. "Huwa najisikia vibaya" haichoreki. "Jumanne saa mbili usiku" inachoreka.

Nakala 41 za A3 zimebaki. Tunatumia mgongo wake.

4 Machi 2024: Mafiga yamekataa, moto umekubali

Mishale ilihitaji picha ya kuishikiza. Ya kwanza kujaribu ilikuwa mafiga: chungu ni tatizo, mafiga matatu ni vinavyolishikilia, toa figa moja chungu kianguke. Ilidumu vikao viwili. Mteja akauliza, na chakula je? Figa ni kitu chema, ndilo linalolisha nyumba; hakuna anayetamani kulitoa. Mafiga tumeyahamishia upande wa nguvu za mtu, na huko yamekaa vizuri: "Ni watu gani au vitu gani vitatu vinavyokushikilia usimwagike?" Wengi hutaja mbili haraka na ya tatu kwa shida. Mshauri asimsaidie kuitafuta. Ile kimya ni habari.

Picha iliyokubali ni moto. Nyasi kavu ni yale ya zamani yaliyomfanya mtu ashike moto upesi. Kiberiti ni kilichotokea. Kuni ni kinachoufanya uendelee kuwaka leo, ingawa kiberiti kilishazimika. Maji ni kinachoupunguza, hata kidogo. Kila mtu anajua kwamba kumtafuta aliyewasha kiberiti hakuzimi nyumba, kwa hiyo kumtoa mteja kwenye "ni nani wa kulaumiwa" na kumleta kwenye "nini kinaendelea kuwaka" kunachukua dakika moja, si kikao kizima.

Ina ubovu wake. Tulipouliza "kuni zako ni zipi?", watu walisikia "unajichoma mwenyewe". Swali limebadilishwa kuwa "nani analeta kuni?", na jibu linaruhusiwa kuwa mwenye nyumba, mkopo wa kausha damu, wifi, zamu za usiku kazini. Andika vyote, pamoja na visivyo vya saikolojia. Ramani yenye kuni za kichwani tu kwa mtu anayedaiwa kodi ya miezi sita ni ramani ya uongo, na mteja ataiona hivyo hata asiposema.

25 Machi 2024: Ndiyo ya heshima

Ramadhani, vikao vyote vimehamia asubuhi. Ramani zinachorwa, zinapendeza, wateja wanakubali kila kitu. Hapo ndipo tuliposhtuka.

Tumezipitia ramani zote pamoja kwa kuangalia jambo moja: mwandiko. Karibu maneno yote ni ya mshauri. Mteja ameandika jina lake juu. Hakuna kilichofutwa, hakuna kilichokatwa. Tumemaliza mwezi tukijisifu kwa ushirikiano ambao kwa kweli ni mteja kuitikia.

Sababu ni mbili. Ya kwanza ni kalamu ya wino: wawili kati yetu walikuwa wameacha penseli na kurudi kwenye wino kwa mazoea, na karatasi yenye wino wa mtaalamu inafanana na fomu ya hospitali. Mteja mmoja aliuliza atie saini wapi. Ya pili ni adabu. Ukimuuliza mtu mzima "hii ni sawa?" na wewe ndiye mwenye kiti kikubwa, atakujibu "ni sawa" hata kama si sawa, kwa sababu kukupinga ni kukuvunjia heshima. Hiyo ndiyo tumeiita ndiyo ya heshima. Haina thamani yoyote kama ushahidi.

Utafiti ulishaonya. Chadwick na wenzake (2003), wakifanya kazi na watu wenye saikosisi (ugonjwa wa akili unaomfanya mtu apoteze mguso na uhalisia), waliona kwamba baada ya kushirikishana fomulesheni wataalamu walihisi uhusiano na wateja umeimarika, ilhali alama za wateja wenyewe hazikusogea. Mwenye kufurahia ramani alikuwa mchoraji.

Tulichobadilisha: wino umepigwa marufuku mezani. Penseli inaanza mkononi mwa mteja, na kifutio kinawekwa upande wake. Asiyeandika anachora alama, au anamwambia mshauri aandike neno kwa neno na kumsomea. Na swali "hii ni sawa?" limefutwa kabisa. Badala yake: "Ungemsimulia mdogo wako, ungesemaje?"

Mfano wa karibu. Mama muuza samaki, mkopo wa kausha damu, simu ikiita usiku anaizima. Mshauri ni kijana wa umri wa mwanawe wa kwanza, na ameandika "hofu ya wakopeshaji".

"Mama, hapa nimeweka hofu ya wakopeshaji."

"Ni sawa tu, mwanangu."

"Ungemsimulia mdogo wako, ungesemaje?"

"Mdogo wangu?" Akacheka kidogo. "Ningemwambia moyo unalipuka, paa! Halafu mikono inakufa ganzi. Namtazama huyu wa kidato cha pili, kama ameisikia."

"Ameisikia nini?"

"Simu. Mimi deni siliogopi, deni nimekopa mwenyewe. Naogopa wanangu wasisikie natukanwa."

Penseli ikafuta "hofu ya wakopeshaji". Ikaandikwa, kwa herufi kubwa zisizonyooka, WANANGU WASISIKIE.

Hilo si pambo la maneno. Kwa ramani ya kwanza mpango ulikuwa kumzoesha kupokea simu hatua kwa hatua, akianza jioni, yaani saa zilezile watoto wapo nyumbani. Tungemwelekeza moja kwa moja kwenye kitu anachokikimbia kwa sababu nzuri, kisha tungeandika kwenye faili kwamba "hana utayari".

22 Aprili 2024: Historia imekuja mapema, na kosa la kupima kwa kukata

Makosa mawili, yote yametoka kwenye marekebisho yetu wenyewe.

La kwanza ni nyasi kavu. Picha ya moto ilikuwa nyepesi kiasi kwamba washauri walianza kuichora yote kikao cha pili, pamoja na utotoni. Mtu akatoka na karatasi moja yenye kifo cha baba, kuachishwa shule, ndoa ya kwanza na deni la sasa, vyote vimeunganishwa kwa mishale. Kimantiki ilikuwa sahihi. Kwa mwenye maisha hayo ilikuwa hukumu. Baadhi hawakurudi wiki iliyofuata. Mafuriko ya mwezi huu yalifunga barabara nyingi, kwa hiyo hatukutaka kukisia. Tulipiga simu (vocha Sh 10,000). Wengine kweli ni mvua. Wengine walisema, kwa upole, kwamba waliposoma ile karatasi waliona hakuna pa kuanzia. Baadhi ya waliohojiwa na kina Chadwick nao walisema fomulesheni iliwahuzunisha. Tungelisoma vizuri tusingeshangaa.

Kanuni sasa: kikao cha 1 na cha 2 ni tukio moja na mafiga. Kikao cha 3 na cha 4 ni kuni na maji. Nyasi kavu zinasubiri mpaka kuni mbili ziwe zimejaribiwa, na kwa watu wengi hazihitajiki kabisa. Zinahitajika pale kuni zilezile zinaporudi kila zinapoondolewa, au mteja mwenyewe anapouliza "kwa nini mimi huwa hivi?" Zikichorwa, zinachorwa kwenye karatasi nyingine, na dakika 15 za mwisho hazigusi historia: zinarudi kwenye mafiga.

Kosa la pili. Baada ya Machi tulijiwekea kipimo: ramani ikifika kikao cha 3 bila neno hata moja lililokatwa na mteja, ihesabiwe haijakubaliwa. Ndani ya wiki mbili washauri wakaanza kupanda makosa ya makusudi ili yakatwe. Wateja si watoto. Mmoja alimtazama mshauri na kumuuliza kama anampima akili.

Kipimo kimeondolewa kama lengo, kimebaki kama kitu cha kutazama kwenye usimamizi wa kila wiki. Badala ya kupanda makosa, mshauri anatoa njia mbili za kweli na zote ziwe za heshima: "Wapo wanaozima simu ili wapumzike, wapo wanaozima ili wasimkasirikie mtu. Kwako ikoje?" Jibu la tatu, ambalo si A wala B, ndilo tunalolitafuta, na huja mara nyingi kuliko tulivyodhani. Njia zisizidi mbili. Zikiwa nne inakuwa mtihani wa kuchagua.

13 Mei 2024: Mkono wa mtu

Washauri wote watatu, kila mmoja kwa siri yake, walikuwa wanaacha kuandika kijicho, majini na kurogwa. Mmoja kwa sababu ni mlokole, mwingine kwa sababu "si sayansi", wa tatu kwa kuogopa mteja asione anachekwa. Matokeo ni mamoja: mteja ana maelezo mawili ya tatizo lake, moja la mezani na moja la nyumbani, na la nyumbani ndilo linaloamua pesa zinakwenda wapi.

Tumeongeza maswali mawili yaliyofuata mwelekeo wa usaili wa kitamaduni wa DSM-5 (mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili), ule wa maswali 16: "Nyumbani wanasema hii ni nini?" na "Wewe mwenyewe unasemaje?" Majibu yote mawili yanaandikwa kama yalivyotamkwa. Mshauri hakubali wala hapingi. Anauliza swali la 4 na la 5 kama kwa kitu kingine chochote: ukiamini ni mkono wa mtu, unafanya nini, halafu inakuwaje? Mara nyingi kuni ziko hapo: kuacha kula kwa jirani, kulala macho, kutomwambia mtu habari njema. Maji pia yanaweza kuwa hapohapo. Dua ya alfajiri na shangazi inampa mtu usingizi. Iandikwe kwenye maji.

Mpaka ni mmoja. Mteja akiambiwa aache dawa alizoandikiwa, au anafungwa, anachapwa au ananyimwa chakula kwa jina la tiba, hiyo si ya kuandikwa na kuachwa. Inakwenda kwa msimamizi siku hiyohiyo.

3 Juni 2024: Karatasi ilipofika nyumbani

Tulikuwa tunawapa wateja ramani waende nayo. Nia njema, fikra fupi. Karatasi ya manila haikunjiki ikaingia kwenye pochi. Katika nyumba ya chumba na sebule kila kitu husomwa, na "nani analeta kuni" yenye jina la mume ikisomwa na mume haileti mazungumzo mema. Picha ya simu haisaidii kama simu ni ya watu watatu.

Ramani kamili sasa inabaki kwenye kabati lenye kufuli. Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na mteja anaambiwa mwanzoni nani anaweza kuiona na kwamba ana haki ya kuisoma. Anaondoka na kadi ya mfukoni, manila ya A4 iliyokatwa vipande vinne (karatasi 25, kadi 100, Sh 7,500). Juu yake kuna alama tatu alizozichagua mwenyewe na jambo moja la wiki. Kadi ya mama muuza samaki ilikuwa na samaki, jua na mlango. Mtu mwingine akiiokota, ni mchoro wa mtoto.

Kabla ya kumpa, uliza: "Ikionekana nyumbani, utasema ni nini?" Akisita, kadi inabaki kwetu.

1 Julai 2024: Ramani inajaribiwa, na hesabu

Hatua ya mwisho ya mzunguko huu. Ramani ni dhana, kwa hiyo lazima itabiri kitu kinachoweza kushindwa. Kila kikao kuanzia cha 3 kinaisha na sentensi moja ya mteja: "Kama hii ni kweli, basi wiki hii nikifanya hivi, itakuwa hivi." Kwa muuza samaki: nikimpigia mkopeshaji mimi saa nne asubuhi niko sokoni, usiku simu haitaita, na moyo hautalipuka. Alipiga. Simu ya usiku ikapungua, moyo ukaendelea kulipuka. Kwa ramani zetu za Februari hilo lingekuwa pigo. Safari hii likawa swali: nini kingine mtoto anaweza kusikia? Kuni mpya ikaandikwa, ambayo haikuhusu deni kabisa.

Makosa ya kawaida hapa ni utabiri usio na saa ("nitajitahidi") na utabiri wa kumfurahisha mshauri. Wa pili unaujua kwa sababu unatimia kila wiki.

Gharama tangu Februari: vifaa 37,600, fomu za toleo la kwanza 30,000, kadi 7,500, vocha 10,000. Jumla Sh 85,100. Gharama kubwa haimo humo: usimamizi wa saa moja kila wiki kwa watu watatu, wiki 20, ni saa 60 za kazi. Anayetaka kunakili mradi huu aanze kwa kutafuta hizo saa, manila atapata hata kwa duka la jirani.

Hakijatatuliwa: kijana wa miaka 16 anayeletwa na mzazi. Penseli iko mkononi mwake, macho yake yako kwa mama. Tumejaribu karatasi mbili, kila mtu na yake, kisha kuzilinganisha. Mzazi alisahihisha ya mtoto kwa kifutio. Agosti tunajaribu tena, mzazi akiwa chumba cha nje kwa dakika 30 za kwanza na kifutio kikiwa kimoja tu.